Mkuki wa mbele, mkuki wa nyuma au makucha: kifaa gani kibebe marobota yako ya nyasi?

Wengi huanza kwa kuuliza trekta ina farasi wangapi. Kwa kazi ya kubeba marobota ya nyasi hilo si swali la kwanza, pengine hata si la tatu. Massey Ferguson 240 kuukuu haitatoka jasho kwa robota la kilo 250. Kitakachotoka jasho ni ekseli ya mbele, pini za loda (ile mikono ya mbele ya trekta inayoinua mzigo), na dereva mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa fundi jiulize mambo mawili: robota lako ni la aina gani, na kifaa unachokifikiria kitaliweka umbali gani mbele ya magurudumu. Rangi na jina la kiwanda vitafuata.

Pande zetu za Nakuru utakutana na marobota ya namna tatu. Kuna yale madogo ya mstatili, kilo 12 hadi 18, ambayo kijana mmoja anayatupa juu ya Canter bila msaada. Kuna ya mviringo ya nyasi ya Boma Rhodes, yenye kipenyo cha mita 1.2 na upana wa mita 1.2, yanayoonekana zaidi kwenye mashamba makubwa. Robota la kipimo hicho likiwa limekauka vizuri huwa na kilo 200 hadi 250. Likiwa na kipenyo cha mita 1.5, hesabu kilo 340 au zaidi. Halafu kuna yale ya sileji (malisho mabichi yaliyochachushwa bila hewa) yaliyofungwa plastiki, ambayo kwa kipimo kile kile cha mita 1.2 huweza kupita kilo 600 kwa sababu sehemu kubwa ya uzito ni maji. Mwenye sileji asijilinganishe na jirani yake mwenye nyasi kavu hata kama marobota yao yanafanana kwa macho.

Baketi yenye mikuki, au fremu badala ya baketi?

Ushindani mkubwa uko hapa, na hapa ndipo watu wengi hushawishika na bei. Loda umeshainunua, baketi yake ipo, na fundi anakuambia atakufungia mikuki miwili, yaani vyuma virefu vyenye ncha vya kutoboa robota, kwenye mdomo wa baketi kabla ya saa ya chakula. Kazi yenyewe ni rahisi kweli: vibano viwili vya skrubu, mnyororo wa kuvirudisha nyuma hadi ukingo wa juu wa baketi, basi. Ukitaka kuchota samadi jioni, unavua.

Njia ya pili ni kuvua baketi yote na kuweka mahali pake fremu ya chuma yenye mikuki. Loda nyingi za bei nafuu hushika baketi kwa pini nne, mbili kila upande: moja ya mkono na moja ya silinda ya kuinamisha. Fremu inatengenezwa kufuata matundu hayo hayo. Kwenye loda za kisasa zaidi kuna kishikizo cha kunasa na kuachia haraka, na hapo kubadilisha ni kazi ya dakika chache. Kwa pini nne utahitaji nyundo, grisi na subira.

Tuweke hesabu, maana maneno matupu hayabebi robota. Chukua trekta ya tani 2.6 isiyo na gia ya magurudumu ya mbele, yenye mita 2.2 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Loda ikiwa chini, tuseme pini zake ziko mita 1.2 mbele ya ekseli ya mbele. Robota ni la kilo 250.

Ukitumia baketi ya kilo 180 na mikuki ya kilo 60 mdomoni, kina cha baketi kinalisukuma robota mbele. Kitovu chake kinakaa kama mita 1.35 kutoka kwenye pini. Piga hesabu ya mizani: ekseli ya nyuma inapoteza karibu kilo 470 na ekseli ya mbele inaongezewa karibu kilo 960. Hapo sijaihesabu mikono ya loda yenyewe, kwa kuwa iko sawa kwa njia zote mbili. Trekta ya namna hiyo huwa na takriban tani moja tu mbele inapotoka kiwandani. Umeipa karibu mzigo maradufu, na bado hujavuka shimo hata moja.

Sasa weka fremu ya kilo 120 ambayo mgongo wake umelala karibu kabisa na pini. Kitovu cha robota kinarudi hadi kama mita 0.75 kutoka kwenye pini. Ekseli ya nyuma inapoteza karibu kilo 295, ya mbele inaongezewa karibu kilo 665. Robota ni lile lile, trekta ni ile ile, ila ekseli ya mbele imepumzishwa kilo 300 hivi. Silinda za kuinamisha nazo zinafurahi zaidi: msukumo wanaopambana nao unapungua kwa zaidi ya nusu.

Kuna na jambo la mdomo wa baketi. Mdomo umetengenezwa kusukumwa kuelekea nyuma, uingie kwenye kifusi. Haukutengenezwa kukunjwa kwenda chini na mzigo unaoning'inia sentimita 60 mbele yake. Msimu mmoja ukiisha, utauona umeanza kutabasamu. Wapo mafundi wanaokwepa hilo kwa kutoboa ukuta wa nyuma wa baketi na kulaza mikuki juu ya sakafu yake. Wazo si baya, lakini pima kwanza: mkuki wa sentimita 125 ukiliwa sentimita 65 na kina cha baketi, zinabaki 60 za kuingia kwenye robota la mita 1.2. Nusu tu. Kwenye uwanja tambarare litakaa. Kwenye miteremko ya Subukia siwezi kulisimamia.

Hukumu yangu: baketi yenye mikuki inafaa kwa mtu mwenye marobota machache kwa mwaka, uwanja mgumu ulio sawa, na safari fupi kutoka stoo hadi hori. Mwenye shamba la nyasi la kuuza atengeneze fremu. Chuma kitamgharimu zaidi siku ya kwanza, lakini beringi na bushi za ekseli ya mbele zitamshukuru, na udongo wetu laini wa majivu ya volkano hautameza matairi ya mbele kirahisi.

Ukiamua fremu, simamia haya kwa fundi

Mkuki wenyewe nunua, usitengeneze. Mkuki halisi ni chuma kilichofuliwa, kikachongwa kuelekea nchani na kupewa ugumu kwa moto uliopimwa, na kitako chake kina nati. Unaingia kwenye bushi ya chuma, na bushi ndiyo inayochomelewa kwenye fremu. Mkuki haupaswi kuguswa na welda kamwe. Fundi atakuambia ana ekseli ya lori ya zamani, chuma kigumu kweli, atainoa ncha na kuichomelea moja kwa moja. Ugumu ndio tatizo lenyewe. Chuma cha aina hiyo kikichomelewa bila kupashwa moto taratibu na kupozwa taratibu, sehemu iliyo kando ya mshono huwa kavu kama kigae. Haitapinda ili ikuonye, itakatika ghafla. Na itakatika robota likiwa juu, maana hapo ndipo nguvu ilipo.

Bushi na fremu ni chuma laini, hivyo zinachomeleka vizuri. Hata hivyo uliza fundi anatumia rodi gani. Za 6013 ndizo zilizojaa kwenye vibanda kwa kuwa zinawaka kirahisi na zinatoa mshono mzuri wa kutazama, na kwa mageti na madirisha hazina neno. Kwa bushi itakayobeba mzigo unaoruka-ruka, taka rodi za 7018, tena kavu. Pakiti iliyofunguliwa ikakaa wiki nzima kwenye ukungu wa Molo imeshanyonya unyevu, na unyevu huo huingia ndani ya mshono na kuuletea nyufa.

Mpangilio wa matundu manne ya pini ndio unaowashinda wengi. Usikubali fremu ipimwe kwa futi kamba kisha ichomelewe kando. Peleka trekta yenyewe. Fundi afunge mabamba ya masikio kwenye mikono ya loda kwa pini zake halisi, aweke bomba la mraba katikati, ashikilie kwa madoa machache ya welda, achomoe pini zote kuona kama zinatoka kwa mkono, ndipo amalizie. Masikio yakipishana milimita tatu, kila unapobadilisha kifaa utapiga nyundo hadi jirani aje kuuliza kuna nini.

Mikuki miwili mirefu iwe chini, ikiachana kama sentimita 50 au 60, ili robota lisizunguke. Na mgongo wa fremu uwe mrefu. Hili ningeliandika kwa rangi nyekundu kama ningeweza. Robota la mviringo likiinuliwa juu sana, na mkono wa loda ukilirudisha nyuma kidogo, linaweza kutoka kwenye mikuki na kuviringika juu ya mikono ya loda hadi kwa dereva. Madereva wameuawa namna hiyo Marekani na Ulaya, penye trekta zenye loda nzuri kuliko zetu. Trekta nyingi hapa zina kile kimwavuli cha bati cha kuzuia jua, nacho kinazuia jua tu. Fremu yenye mgongo wa mita moja kwenda juu, pamoja na desturi ya kutoinua robota kupita kichwa cha dereva, itakulinda kuliko kofia yoyote.

Mkuki wa nyuma, ambao haupewi heshima yake

Huu unafungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma, ile inayobeba plau. Mkuki mmoja mrefu katikati, viwili vifupi pembeni vya kuzuia robota lisizunguke, na fremu ya pembetatu. Hauhitaji loda kabisa. Hauhitaji mpira wa haidroliki hata mmoja. Kati ya vyote ninavyovilinganisha hapa ndio wa bei ndogo zaidi, na hata fundi wa kawaida hawezi kuuharibu sana.

Kwa trekta ile ile ya mfano wetu, robota la kilo 250 likikaa mita 1.6 nyuma ya ekseli ya nyuma linaiondolea ekseli ya mbele kilo 180 hivi, na mzigo wote unaangukia magurudumu makubwa ambayo ndiyo yameumbwa kwa kazi hiyo. Usukani unakuwa mwepesi kidogo. Ukipanda mlima, weka vyuma vya uzito mbele.

Kasoro yake ni kimo. Mikono ya nyuma haiinui kiasi cha kuweka robota juu ya Canter wala kupanga safu ya pili stoo. Na shingo: siku nzima ya kurudi nyuma ukilenga mkuki ukiwa umegeuka utaisikia kesho yake. Lakini kama kazi yako ni kutoa robota shambani na kuliweka chini ya paa, safu moja, hutafaidi chochote kwa kununua loda.

Kinachonifurahisha ni vikitumika viwili pamoja. Toboa robota la nyuma kwanza, linyanyue, kisha nenda na la mbele kwenye fremu. Robota la nyuma linakuwa uzito wa kusawazisha. Kwa hesabu zetu, badala ya ekseli ya nyuma kupoteza kilo 295 inajikuta imeongezewa kama kilo 135, na ekseli ya mbele inabeba nyongeza ya kilo 480 hivi badala ya 665. Umebeba maradufu na trekta imetulia zaidi kuliko ilipobeba moja. Wakati wa kushusha, anza na la mbele.

Usipokuwa na robota nyuma, usiinue la mbele mikono ya nyuma ikiwa mitupu. Pipa la lita 200 lililojazwa zege lina kilo 480 hivi, nusu pipa 240. Litilie chuma cha kufungia kwenye mikono mitatu kabla zege halijaganda. Maji kwenye matairi ya nyuma nayo husaidia: tairi la kipimo cha 16.9-28 likijazwa robo tatu humeza zaidi ya lita 200, na uzito huo hauikandamizi ekseli hata kidogo kwa kuwa umebebwa na tairi lenyewe. Zungusha gurudumu hadi valvu iwe juu, ujaze mpaka maji yaanze kutoka, na hapo uko karibu na robo tatu.

Makucha, na kesi ya sileji

Makucha ni mikono miwili inayolikumbatia robota kutoka pembeni bila kulitoboa. Kwa sileji hilo ndilo jambo zima: plastiki ikitobolewa hewa inaingia, ukungu unafuata, na ng'ombe wa maziwa wanakataa kilichobaki au wanakila wakaumwa. Ukitumia mkuki kwenye robota la sileji, tumia siku ile ile unayolilisha.

Lakini makucha yanataka njia ya tatu ya haidroliki. Loda inatumia mbili, kuinua na kuinamisha, na trekta nyingi za zamani zina hizo mbili tu au hata pungufu. Utaongeza valvu ya kugawa mafuta yenye kitufe cha umeme kwenye kishikio, mabomba, viungo, na fundi anayejua haidroliki kweli, si yule wa kubahatisha. Kisha makucha yenyewe yana kilo 200 na zaidi. Jumlisha na robota la kilo 600 uone: kwa trekta yetu ya tani 2.6 mjadala umeisha. Hiyo ni kazi ya trekta yenye magurudumu manne ya kusukuma, farasi 90 kwenda juu, yenye loda iliyopimwa kwa mzigo huo.

Mwenye trekta ndogo na sileji kidogo ana njia ya katikati ambayo sielewi kwa nini haionekani zaidi. Badala ya mikuki, weka mabomba mawili manene, laini, yaliyozibwa ncha kwa umbo la nusu yai, yakiachana sentimita 70 hivi. Yanapita chini ya robota, kila moja upande wake, na robota linakaa katikati kama mtoto kwenye susu. Hakuna haidroliki ya ziada, hakuna tundu kwenye plastiki. Weka mabomba hayo nyuma, kwenye mikono mitatu, wala si kwenye loda, kwa sababu ya ule uzito. Na kabla ya hapo soma kwenye kitabu cha trekta mikono ya nyuma inainua kilo ngapi. Kipimo kinachoandikwa mara nyingi ni cha kwenye ncha za mikono. Mita moja nyuma yake uwezo unapungua sana.

Na marobota madogo?

Kama yako yote ni yale ya kilo 15, funga pochi. Vijana wa kupakia hulipwa kwa robota na wanapanga mzigo kwenye lori vizuri kuliko mashine yoyote. Kipo kifaa cha loda chenye kulabu kinachonasa marobota madogo manane kwa pamoja, kilichozoeleka Uingereza, lakini kinahitaji kingine kinachovutwa nyuma ya mashine ya kufungia ili kiyapange manane manane shambani. Bila hicho cha kupanga, watu watayapanga kwa mikono kwanza ili mashine iyabebe, na hapo nani amemsaidia nani? Kwa shamba la ekari mia na zaidi lenye upungufu wa watu, fikiria. Kwa ekari kumi za Rongai, nunua trela yenye kitanda kipana.

Kabla ya kumlipa fundi

Paka rangi nyembamba nyeupe kwenye mishono yote, hata chokaa iliyokorogwa itafaa. Inua robota moja sentimita 30 kutoka ardhini, tembea nalo taratibu kwenye njia yenye matuta, shusha, rudia mara kadhaa. Mstari mwembamba mweusi ukijitokeza juu ya weupe, hiyo ni ufa, na arudie kazi. Ukiwa bado umebeba, mtu asimame pembeni mbali na mzigo, atazame matairi ya nyuma unapofunga breki. Yakionyesha hata dalili ya kuwa mepesi, ongeza uzito nyuma kabla ya kazi ya kweli.

Jambo la mwisho linahusu barabara. Ukitoka Njoro kuelekea Molo na mkuki umetangulia mbele ya trekta, ncha yake iko usawa wa kifua cha mwendesha bodaboda, tena haionekani jioni. Kwa kuwa mkuki umefungwa kwa nati, unachomoka kwa spana moja. Uchomoe, uulaze chini ya kiti, na uufunge tena ukifika.